Sufu mbichi na maji ya Dodoma

Nikikutwa uani na beseni la sufu, swali huwa lilelile: "Mama, si ungenyoa tu hawa kondoo wetu?" Hawa wetu, awe yule mwekundu au mweupe mwenye kichwa cheusi, wana nywele fupi kama za mbuzi. Hazisokoteki. Sufu yangu ni ya kondoo wa Corriedale, huja kwa basi kutoka Molo, Kenya, ikinuka gari zima.

Mzigo wa kwanza niliuharibu kwa maji ya bomba na sabuni ya mche. Mnaoishi hapa mnayajua maji ya visima vya Mzakwe: birika halimalizi mwezi kabla ya kushika ukoko mweupe. Chokaa hiyo ikikutana na sabuni ya mche hufanya utando wa kijivu, nao hunasa kwenye magamba madogo yaliyouzunguka kila unywele wa sufu. Nilisuuza mara sita, nikaambulia kitu kinachonata kama ulimbo. Tangu hapo natumia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ambayo haigandi na chokaa. Maji ya mvua nayakinga kuanzia Desemba, nayaweka kwa kusuuzia tu. Sabuni ya unga usiiguse: ni kali, na sufu ni protini kama nywele zako, huliwa ikabaki kavu na kukatika.

Lakini kabla ya maji, chambua. Tandika turubai, tupa sehemu za tumboni na zenye vinyesi, kung'uta mchanga. Na usipokee kamwe sufu ya kondoo aliyekufa ghafla bila sababu kujulikana. Kimeta huishi kwenye manyoya. Karne ya 19 kiliwaua wachambua sufu wa Bradford, Uingereza, kwa kuvuta vumbi lake tu.

Baada ya hapo loweka kwa maji baridi usiku kucha. Jasho la kondoo lina chumvi zinazoyeyuka zenyewe, na asubuhi maji huwa kama chai ya rangi. Mimi humwagia mpapai.

Mafuta ya sufu, yaani lanolini, ndiyo yanayohitaji moto. Huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 40 hivi, ila beseni lipoe kidogo tu na yanarudi kuganda palepale yalipotoka. Ndiyo maana naanzia nyuzi 60 na zaidi. Kipimajoto sina. Kwa mwinuko wa Dodoma maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwa hiyo ndoo moja iliyochemka na moja ya bomba hukaribia 60. Naongeza kopo la yaliyochemka kwa sababu sufu yenyewe hupoza. Sabuni ndani, koroga, kisha iingize sufu ikiwa kwenye mfuko wa neti wa vitunguu. Ibonyeze izame, uondoke. Dakika 15 tu, itoe maji yangali moto.

Usisugue, usikamue kwa kupindapinda, usiimwagie maji juu, wala usiitoe kwenye moto ukaitupa kwenye baridi. Yale magamba yatashikana na utakuwa umejitengenezea zulia. Beseni la pili la sabuni, kisha suuza mara mbili kwa maji ya joto lilelile, la mwisho likiwa na kijiko cha siki kumaliza chokaa.

Kukausha hapa ni rahisi: kivulini, juu ya waya wa banda la kuku, siku moja. Julai na Agosti naifunika chandarua, maana upepo huirudishia vumbi lote nililolitoa. Kilo 8 zilizoshuka kwenye basi safari iliyopita zilibaki kama 5.

Mbigili na kishonanguo hazitoki kwa kuosha. Hizo ngoja sufu ikauke kabisa, kaa mkekani, uzichomoe kwa vidole moja moja; mbichi zinajificha, kavu zinavunjika na kuachia.