Mti wa Matawi Yanayoning'inia Haugeuki: Angalia Chini ya Nundu

Malalamiko tunayopokea siku hizi yanafanana: "Nilinunua mti mdogo wa mapambo wenye matawi ya kuning'inia, sasa umesimama wima. Nimetapeliwa." Pole, lakini mara nyingi hakuna tapeli hapo.

Mingi ya miti hii, iwe mwerebi, mforosadi au mcheri wa mapambo, ni miti miwili iliyounganishwa kwa kubebesha. Shina lililonyooka ni la mti mmoja; matawi ya kuning'inia ni ya mwingine, ulioungwa juu yake. Mfano ni elmu (mti mkubwa wa nchi za baridi) ya Camperdown, iliyopatikana karibu na Dundee, Uskoti, kati ya 1835 na 1840, ilikutwa ikitambaa ardhini. Ilipata umbo la mwavuli baada ya kubebeshwa juu ya shina la elmu nyingine.

Sasa pandisha kidole kwenye shina mpaka ukute nundu au kovu, yaani mahali miti hiyo miwili ilipoungwa. Kila kinachochipua chini ya hapo, au kutoka mizizini, ni cha mti wa chini, na kitakwenda juu kwa nguvu zake zote. Kingali laini, kinyofoe kwa mkono. Kikikomaa, kikate usawa wa mahali kilipotokea. Mwananchi mmoja alituletea picha ya maotea mawili yaliyonenepa kuliko matawi halisi. "Nilidhani ndiyo unakua," akasema. Jamani.

Kupogoa kwenyewe si kazi kubwa. Ondoa yaliyokauka, yenye ugonjwa na yanayosuguana. Pogoa mti ukiwa umelala, yaani umepumzika kukua. Unaochanua mapema, subiri maua yaishe. Mkato uwe juu kidogo ya chipukizi linalotazama nje na juu, ili tawi jipya litanuke kwanza kabla ya kuinama. Wengi hukata ncha tu kwa usawa mmoja, kama pazia, halafu wanashangaa kwa nini ndani pamesongamana. Unapoondoa tawi zima, usiguse ule uvimbe wenye mikunjo ya gome kwenye shingo yake, maana kidonda hufungwa kuanzia hapo. Na tafadhali, rangi ya kupaka kidonda haizuii kuoza. Tumeshasema.

Kamba ya kigingi ilegezwe shina linaponenepa. Matandazo yasiguse shina.

Anayetaka tumchunguzie mti awasilishe picha tatu: mti mzima, nundu kwa karibu, na shina linapoingia ardhini. Ombi lisilo na picha ya nundu linarudishwa, hata kama zimo picha kumi za majani. Mti ulio kwenye eneo la umma, hata ukiwa mbele ya geti lako, usiukate kabla ya kuuliza mamlaka inayousimamia. Kibali kikihitajika, kiwe cha maandishi, kitaje mti na kazi itakayofanyika. Ruhusa ya mdomo ya mtumishi uliyemkuta njiani haitakusaidia. Adhabu hutegemea sheria za eneo husika: inaweza kuwa faini, gharama ya kupanda mti mwingine, au vyote viwili.

Ikiwa sehemu yote iliyo juu ya nundu imeshakufa, kupogoa hakutairudisha. Umebaki na mti wa kawaida, wima, pengine wenye afya njema. Unaweza kuutunza hivyo hivyo, au kumwita fundi wa kubebesha aanze upya.