Piano ya zamani ya Lubumbashi: jina la mbele halitoshi kujua ilitoka wapi

Hapa Lubumbashi karibu kila mutu mwenye piano ya zamani anaamini ni ya Ubelgiji, juu familia iliyoiacha ilikuwa ya Wabelgiji. Kazi yangu ni kutengeneza na kuakorde piano, sasa nataka nieleze vile tunatafuta asili yake, na nitatumia moja iliyonisumbua kweli, iko kwa mama mmoja kule Kamalondo.

Ni piano ya wima, mbao nyeusi, na kwenye kifuniko cha tushi, vile vibao vya kubonyeza na vidole, kuna herufi za dhahabu zimefutikafutika: jina la magazini, chini yake Cape Town. Usikimbilie kusema ilitengenezwa kule. Zamani wauzaji walikuwa wanaagiza piano fabriki halafu wanabandika jina lao, kwa hiyo lile jina la mbele mara nyingi ni la aliyeuza tu.

Njo maana mi naanzia ndani. Unatoa kibao cha mbele, unaangalia nyuzi. Kwa hii zote zinashuka sambamba, za besi hazipiti juu ya zingine, ni mtindo wa kizamani ule. Halafu mbele ya nyundo kuna vyuma vyembamba vingi vimesimama kama kizimba cha ndege, vinapanda mpaka kwenye fetri za kuzima sauti. Fetri zenyewe ziko juu ya nyundo, zinagusa uzi karibu na mwisho wake, fasi ambayo hautetemeki sana, kwa hiyo ukiachia tushi sauti inabaki inalialia. Watu wanadhani imeharibika kumbe ilizaliwa hivyo! Mashini ya namna hii, yaani nyundo na fetri na vyuma vyake, Waingereza na Wajerumani waliendelea kuitumia hata baada ya 1900.

Ukikuta kwenye mashini muhuri wa Schwander, watengenezaji wa mashini za piano, pia tulia. Hao walikuwa Paris, lakini mashini zao waliuzia fabriki za nchi nyingi, piano haiwi ya Ufaransa juu ya hiyo tu.

Tushi ni 85 badala ya 88, nayo haikupi mwaka, fabriki kibao ziliendelea na 85 muda mrefu. Zile nyeupe ni pembe ya tembo. Inama kwenye mwanga: kila tushi iko na vipande viwili, na kamstari kembamba vinapokutana, usawa wa fasi tushi nyeusi zinaanzia. Seluloidi, plastiki ya zamani inayofanana na pembe, kwa kawaida ni kipande kimoja. Na tafadhali usipime kwa sindano ya moto, seluloidi inashika moto vibaya sana. Mi nikizigusa hizi tushi nawaza pembe zilizotolewa Kongo yetu zikaenda kuuzwa Antwerp, pengine zingine zilirudi huku hivi hivi, zimekatwa nyembamba kama karatasi, na moyo unauma.

Jibu lenyewe lilikuwa mgongoni. Tuliisogeza kutoka ukutani, tukapangusa vumbi na kitambaa kikavu, muhuri ukatokea: Made in Germany. Kwa Kiingereza! Mjerumani anayeuzia Mjerumani mwenzake haandiki hivyo. Uingereza ilitoa sheria mwaka 1887, bidhaa ya nje yenye jina au alama inayoweza kudhaniwa ni ya Kiingereza lazima ionyeshe nchi ilikotoka. Kwa hiyo hii ilitengenezwa Ujerumani, kwa vyovyote baada ya 1887, kwa ajili ya soko la Waingereza, na magazini ya Cape Town ikaweka jina lake.

Kufika huku siyo ajabu. Reli kutoka kusini, kupitia Rhodesia, iliingia Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na ile ya kwenda Port-Francqui, Ilebo ya leo, ilikamilika 1928 tu. Miaka ile ya kwanza mzigo mzito ulikuwa unapanda kutoka kusini, hata kama mwenye kuununua alikuwa Mbelgiji.

Kinachobaki ni fabriki gani. Numero zilizovimba kwenye chuma cha ndani mara nyingi ni za kalibu tu, tafuta ile iliyogongwa au kuandikwa kwa wino, halafu chomoa tushi ya kwanza kushoto uangalie ubavu wake, wafundi walipenda kuandika jina na tarehe kwa kalamu ya risasi. Ya mama imeandikwa lakini imefifia, nitarudi na taa nzuri. Nimemwomba asipige msasa wala vernisi popote mpaka nimepiga foto za mgongo, za chuma na za kila tushi yenye maandishi.