Bati juu, udongo chini: tunachojifunza kwa Francis Kéré

Wengi wanaokuja kutuuliza habari za nyumba ya udongo huanza kwa kuomba radhi, kana kwamba wanakiri umaskini. Huwa nawasimulia habari za Gando.

Gando ni kijiji cha Burkina Faso alikozaliwa msanifu majengo Francis Kéré mwaka 1965. Yeye ndiye mtoto wa kwanza wa kijiji hicho kupelekwa shule, akasoma kwenye darasa la watoto zaidi ya 100, joto juu ya joto. Ujerumani alikwenda mwaka 1985 kujifunza useremala. Usanifu majengo ulifuata baadaye, mjini Berlin. Akiwa bado mwanafunzi alichangisha fedha za kujenga shule kwao, ikakamilika 2001, miaka mitatu kabla hajahitimu.

Wanakijiji hawakufurahi waliposikia ni shule ya udongo. Mtu atoke Ulaya aje ajenge kitu kinachobomoka kila msimu wa mvua? Ikabidi awajengee tao la majaribio, akapanda juu yake na kurukaruka.

Udongo ulichanganywa na saruji kidogo, ukabanwa kuwa matofali. Lakini ufundi wenyewe uko kwenye paa. Bati likikaa karibu na vichwa vya watu, joto lote la jua huwashukia. Kéré aliweka dari ya matofali yenye upenyo, kisha akaliinua bati juu yake kwa fremu za nondo. Hewa ya moto hupanda, hupenya darini, na upepo unaopita chini ya bati huiondoa. Hewa ya nje huingia madirishani. Feni haihitajiki. Tena bati limetokeza mbali kupita kuta, hivyo mvua haiuoni udongo. Nyumba nyingi za udongo huponzwa hapo hapo: tofali halina kosa, upenu ndio mfupi.

Kreni haikuwepo. Nondo zilikatwa kwa msumeno wa mkono na kuchomelewa palepale na vijana waliofundishwa kazi hiyo. Wanawake walishindilia sakafu, watoto wakabeba mawe ya msingi. Ujenzi wa nyumba za walimu ulipofika, mafundi walikuwepo tayari, na baadhi yao wakapata kazi kwingine. Wanafunzi nao waliongezeka kutoka 120 hadi 700.

Kéré amefundisha vyuo vikuu vya Harvard na Munich, na mwaka 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupata Pritzker, tuzo kubwa ya dunia ya usanifu majengo. Kwa jirani zetu wa Kenya kuna chuo alichokisanifu kando ya Ziwa Turkana, chenye minara mirefu mfano wa vichuguu inayotoa hewa ya moto nje.

Ukitaka kujaribu kwako, pima udongo kwanza. Wenye mfinyanzi mwingi hupasuka ukikauka, wa mchanga mtupu haushikani. Kiasi cha saruji kipangwe baada ya kipimo hicho, na pesa itakayobaki iongeze urefu wa upenu.