Nani atatengeneza pampu mwaka wa tatu?

Msimu wa maombi ya Kusanone ukikaribia, simu yangu haitulii. Kusanone ni ruzuku ndogo ambazo serikali ya Japani hutoa kupitia balozi zake kwa miradi ya wananchi. Kwa Kijapani neno hilo lina maana ya mizizi ya nyasi. Mpango ulianza 1989, na hapa Tanzania umejenga madarasa, mabweni, zahanati na visima. Wanaoomba ni asasi zisizo za faida, halmashauri, shule na hospitali. Mtu binafsi hapewi, wala kampuni ya biashara.

Wengi wanaonipigia huuliza andiko la maombi litumie maneno gani ili limpendeze mfadhili. Mimi huwauliza: pampu ikifa mwaka wa tatu, nani ataitengeneza, na kwa hela ya nani? Asiye na jibu bado hana andiko la mradi. Ruzuku hii hulipia uchimbaji, majengo na vifaa, lakini mishahara, dizeli na matengenezo ya kila siku hailipii. Ofisa wa ubalozi anayekuja kukagua eneo atawauliza hivyo hivyo, tena mbele ya mtendaji na mwenyekiti wa kijiji.

Chukua kijiji cha watu 2,000. Sera ya Maji ya 2002 ilitaka lita 25 kwa mtu kwa siku, kilula kimoja, yaani kituo cha kuchotea maji, kwa watu 250, umbali usizidi mita 400. Hapo mnahitaji vilula 8 na lita 50,000 kwa siku. Kama pampu ni ya sola na jua la kutegemewa ni saa 6, inabidi isukume zaidi ya lita 8,300 kwa saa. Je, kisima chenyewe kinatoa hizo? Majaribio yakionyesha lita 4,000, mmeahidi maji mara mbili ya yaliyopo.

Halafu njoo kwenye mapato. Tuseme ndoo ya lita 20 inauzwa shilingi 50. Lita 50,000 ni ndoo 2,500, yaani shilingi 125,000 kwa siku, na maandiko mengi huishia kwenye hesabu hiyo tamu. Lakini masika watu hukinga maji ya bati, na wenye bwawa jirani huenda bwawani. Mimi hupiga hesabu kwa robo tu, kama shilingi 31,000. Toa posho ya wahudumu wa vilula na mlinzi wa paneli, toa koki zinazokatika. Kama kinachobaki hakiwezi kuweka akiba ya pampu nyingine, punguza ukubwa wa mradi, au mkutano mkuu wa kijiji upange bei nyingine na muhtasari wake uambatishwe ukiwa na sahihi.

Nililipa ada ya kujifunza haya. Mwaka wangu wa kwanza niliandika mradi wa kisima katika ukanda wa Bonde la Ufa. Fedha zikatoka, maji yakaruka, kina mama wakapiga vigelegele. Majibu ya maabara yalipokuja, floraidi, madini yanayotia meno rangi ya kahawia, ilikuwa juu ya miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani, na bajeti yangu haikuwa na hata senti ya kisima cha pili. Meno ya watoto wa pale yalikuwa ya kahawia tangu siku ya kwanza nilipofika. Niliyaona, sikuyaandika. Sasa siandiki neno kabla maji ya visima jirani hayajapimwa.

Andiko huambatana na bangokitita, jedwali linaloonyesha malengo ya mradi, vipimo vyake na mambo unayoyategemea. Lilibuniwa 1969 kwa ajili ya USAID, shirika la Marekani lililofungwa 2025, na wafadhili wengi bado wanalitaka. Safu yake ya mwisho, ya mambo tunayoyategemea, watu huijaza usiku wa kuamkia tarehe ya mwisho: "hali ya hewa itakuwa nzuri". Weka fundi na vipuri humo. Tangu sheria ya 2019 maji ya vijijini yako chini ya RUWASA, wakala wa serikali wa maji na usafi wa mazingira vijijini, na vyombo vya watumia maji, kwa hiyo pata barua ya meneja wa wilaya inayosema nani atakabidhiwa mradi.

Kuhusu profoma, yaani ankara za makadirio ya bei kutoka madukani, zinatakiwa tatu kwa kila kitu, na ziwe za kweli. Nimewahi kuletewa tatu za maduka tofauti, zote zikiwa na kosa lile lile la tahajia kwenye neno moja.

Mwezi uliopita nilikaa kilulani na mama mmoja mhudumu. Nikamwuliza, "Mama, pampu ikiharibika mnafanyaje?"

"Tunasubiri mfadhili, mwanangu."

Akanionyesha daftari lake: tarehe, ndoo, shilingi, ukurasa baada ya ukurasa, mwandiko safi usio na siku iliyorukwa. Safu ya akiba haikuwepo. Tukaichora pamoja kwa rula, akaanza kuijaza jioni ile ile. Picha ya ukurasa huo ndiyo kiambatisho cha kwanza cha andiko lao jipya.