Haki darasani: yanayosemwa na yalivyo

"Hizo ni siasa." Ukitaja kufundisha haki na wajibu darasani, chumba cha walimu hakikosi mtu wa kusema hivi. Siasa za vyama hazina nafasi darasani, hilo halina ubishi. Lakini wajibu wa kulinda mali ya umma si wa chama chochote, umo kwenye Katiba ya Tanzania ya 1977, ibara ya 27. Dawati linalochongwa majina kwa wembe ni mali ya umma. Anza hapo.

"Ni kazi ya mwalimu wa uraia." Hii ndiyo dhana inayotugharimu zaidi. Huku Mbeya nusu ya darasa langu wanatoka nyumba zinazolima viazi, na lumbesa, gunia linalojazwa kupita kipimo, wanaijua kuliko mimi. Basi kwenye hesabu huwapa swali hili: gunia la kilo 100 linauzwa shilingi 60,000, kilo moja ni bei gani? 600, wanajibu haraka. Sasa mnunuzi analishonea kilemba mpaka lifike kilo 120, bei ileile. Wanakokotoa: 500. Kwa magunia 30, mkulima amepoteza shilingi 360,000. Siku ya kwanza kulitoa swali hilo darasa lilinyamaza, kisha mmoja wa nyuma akauliza, "Kwa hiyo baba anaibiwa?" Tukaingia kwenye Sheria ya Vipimo, inayokataza lumbesa, halafu swali gumu zaidi: kama imekatazwa, mbona ipo barabarani kila msimu? Kengele ililia tukiwa bado tunabishana. Sijawahi kupata kipindi cha uraia kilichochangamka hivyo, na kilikuwa cha hisabati.

"Mtoto akijua haki zake atakosa adabu." Wazazi wengi wanaliogopa hili, nami siwalaumu. Ila Sheria ya Mtoto ya 2009 inayompa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa, hiyohiyo inamwekea wajibu wa kuheshimu wazazi na wakubwa. Tunaosoma kifungu kimoja tukaacha kingine ni sisi watu wazima.

"Wakikua watajifunza wenyewe." Mkutano mkuu wa kijiji ni wa wakazi waliotimiza miaka 18. Mwanafunzi wa darasa la saba amebakiza miaka mitano hivi aketi pale na kuulizia mapato na matumizi. Kuuliza bila kutukana ni jambo la kuzoezwa.

"Shuleni kwetu wote ni sawa." Niliamini hivyo hata mimi. Asubuhi moja ya Juni, baridi ya huku inauma vidole, msichana wa darasa langu akiwa na dekio mkononi aliniuliza mbona kupiga deki ni kwao na kugonga kengele ni kwa wavulana. Orodha ya zamu nilikuwa nimeiandika mimi. Nikaibandua ukutani, nikawapa chaki waipange upya wenyewe. Wavulana walinung'unika wiki nzima.