Usiku wa Gala Baharini: Urasmi Unapimwa kwa Kipimo Gani?

Wateja wanaojiandaa kwa safari ya meli ya kitalii huniletea maswali mengi, lakini moja hurudi kila mara: je, zile jioni zilizoandikwa "gala" kwenye ratiba ya safari zinadai kweli taksido, yaani suti rasmi ya jioni ya wanaume, na gauni la kufika sakafuni, au neno hilo limewekwa pale kuipamba karatasi tu? Nimeshona mavazi ya jioni kwa miaka mingi, na mara kadhaa nimesafiri baharini nikiwa nimevaa kazi ya mikono yangu mwenyewe. Jibu langu huwa kwamba inategemea kampuni yenye meli, na ukishaijua kampuni, inategemea utakuwa umeketi ukumbi gani baada ya saa 12 jioni.

Nianze na kampuni, maana hapo ndipo watu wengi hupoteza fedha zao, ama kwa kushona wasichokihitaji, ama kwa kulazimika kununua wakiwa safarini. Miongoni mwa kampuni kubwa, Cunard ndiyo inayoishikilia desturi hii kwa nguvu. Ndani ya Queen Mary 2, meli iliyoanza kazi mwaka 2004 na ambayo kwa kawaida huvuka Atlantiki kati ya Southampton na New York kwa siku 7, jioni mbili za safari hiyo huwa za gala. Wanaume hutarajiwa kuvaa taksido au suti ya rangi iliyokoza pamoja na tai, na wanawake hutarajiwa kuvaa gauni la jioni, gauni fupi la kokteli au suti ya suruali yenye hadhi hiyo hiyo. Vazi rasmi la kitaifa, likiwemo lile la Waskoti, linakubalika bila mjadala. Upande wa pili kabisa iko Norwegian Cruise Line, ambayo tangu mwaka 2000 imejijengea jina kwa safari zisizomlazimisha abiria kuvaa rasmi usiku wowote, na iko Viking, ambayo meli zake za baharini hazina usiku rasmi. Katikati wamo wengine wengi. Celebrity iliachana na jioni rasmi mwaka 2015 na badala yake ikaweka jioni za kupendeza ambazo tai si lazima. Princess bado ina jioni rasmi, ingawa ukumbini utaona suti nyingi kuliko taksido. Kwa hiyo mtu aliyesoma ushauri ulioandikwa kwa ajili ya Queen Mary 2, kisha akaufuata ndani ya meli ya Norwegian, atakuwa amebeba begi zito bure.

Jambo la ukumbi halielezwi vya kutosha. Watu hudhani kwamba usiku wa gala ukifika, meli nzima hugeuka kuwa ukumbi mmoja wa harusi na asiyevaa rasmi hujifungia chumbani. Sivyo ilivyo. Kanuni ya mavazi baharini hufuata mahali. Ndani ya Queen Mary 2, kwa mfano, mgahawa mkuu wa Britannia na ukumbi wa dansi wa Queens Room huifuata kanuni hiyo, lakini ukitaka kula ukiwa umevaa kawaida kuna mgahawa wa kujihudumia wa Kings Court, na kuna baa ya Golden Lion. Kampuni nyingine zina mpango unaofanana na huo, hata kama majina ya kumbi ni tofauti. Kabla sijamchukua mteja vipimo, humwomba aniambie anapenda kutumia jioni zake vipi. Ikiwa ni mtu wa kula mapema na kwenda kusoma kitabu, simshonei chochote. Humwambia tu asipite ukumbi wa dansi akiwa na kaptula.

Sasa nije kwenye urasmi wenyewe. Kipimo ninachokitumia kibandani kwangu ni hiki: vazi rasmi la usiku ni lile ambalo ungeonekana umekosea kulivaa saa 4 asubuhi. Kipimo hiki kinatokana na historia ya vazi lenyewe. Koti ambalo leo tunaliona kuwa kilele cha urasmi lilizaliwa likiwa nguo ya kustarehe. Kampuni ya ushonaji ya Henry Poole ya London huuhesabu mwaka 1865 kuwa ndio iliposhona koti fupi la jioni kwa ajili ya mwana wa Malkia Victoria wa Uingereza ambaye baadaye akawa Mfalme Edward VII, aliyelitaka kwa chakula cha usiku kisicho cha makuu, mahali pa koti refu lenye mkia. Jina la taksido lilitoka ng'ambo ya pili ya Atlantiki, kwenye klabu ya Tuxedo Park iliyoanzishwa mwaka 1886 si mbali na New York. Ilichukua hadi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kwa koti hilo fupi kulisukuma kando lile lenye mkia. Katika safari hiyo yote ya urasmi kupanda na kushuka, jambo moja halikubadilika, nalo ni kwamba mchana ulikuwa na nguo zake na usiku ulikuwa na zake.

Tazama taksido iliyoshonwa vizuri na utaona kwamba kila sehemu yake imebuniwa kwa ajili ya mwanga wa taa. Kola ya kifuani imefunikwa hariri ili ing'ae kidogo pale kitambaa kingine kinapomeza mwanga. Utepe wa hariri hiyo hiyo hushuka pembeni mwa suruali. Suruali haina vishikio vya mkanda, kwa sababu mkanda ni kifaa cha mchana, na mahali pake huzungushwa mshipi mpana wa kitambaa ambao mikunjo yake hutazama juu. Kazi ya mshipi huo, au ya kizibao kwa anayekipenda, ni kuficha pale shati linapochomoza chini ya kifungo cha koti. Kiatu ni cheusi na kinang'aa, na tai ni ya kipepeo, ambayo ningependa ifungwe kwa mkono. Hii ya mwisho ni kasumba yangu ya kifundi, na simlaumu anayenunua iliyofungwa tayari. Ama rangi, wengi hushangaa ninapowaambia kwamba buluu iliyokoza sana, ile inayofanana na anga la usiku wa manane, huonekana nyeusi zaidi ya nyeusi yenyewe. Chini ya taa za umeme kitambaa cheusi kinaweza kuonyesha ukijani au kutu kidogo, lakini buluu hii hubaki imekoza. Edward VIII, mjukuu wa yule Edward VII, ndiye aliyeipa umaarufu kati ya Vita vya Kwanza na vya Pili vya Dunia.

Je, ni lazima? Kwa abiria wengi, hapana, na hapa ndipo kile kipimo changu kinapookoa fedha za mteja. Suti ya kawaida ya rangi iliyokoza hukubalika hata kwa Cunard, na inaweza kuvushwa kutoka mchana hadi usiku kwa kuiondolea alama za mchana. Vaa shati jeupe lisilo na mistari wala vifungo kwenye ncha za kola, tai ya rangi moja iliyokoza, ikiwezekana ya hariri, soksi ndefu nyeusi na viatu vyeusi vilivyopigwa rangi. Viatu vya kahawia huirudisha suti nzima ofisini, hata kama ni vya bei kubwa kuliko suti yenyewe. Nimewahi kuketi meza moja na bwana aliyevaa hivyo, mnyoofu na safi, akizungukwa na taksido tatu za kukodi ambazo mabega yake hayakuwa ya waliozivaa, na sikuhitaji kufikiri nani alikuwa amependeza. Suti inayokukaa hushinda taksido isiyokukaa.

Koti jeupe la jioni lina utata wake. Lilipata nafasi katika miaka ya 1930 kama vazi la nchi za joto na la meli zilizokuwa zikipita maji ya joto, na hadi leo mahali pake ni huko. Kulivaa kwenye safari ya kaskazini ya baridi ni kuhamisha mila bila sababu yake. Na kwa kweli lisiwe jeupe kama shati, bali la rangi ya pembe ya ndovu, lenye kola ya kitambaa chake chenyewe, juu ya suruali nyeusi.

Kwa wanawake kanuni imeandikwa kwa maneno machache na ina nafasi pana zaidi, na upana huo ndio unaowatia wengi wasiwasi. Urefu wa gauni hautoshi kukuambia kama limefikia urasmi unaotakiwa. Gauni refu la pamba lenye maua ni la ufukweni, hata kama linafagia sakafu. Gauni jeusi la krepu linaloishia chini ya goti ni la usiku bila shaka yoyote. Kitambaa ndicho kinachoamua. Hariri, satini, krepu nzito, mahameli, shifoni iliyowekewa bitana na kazi ya puleki ni vitambaa vya taa, na suruali pana ya krepu yenye blauzi ya satini inaweza kukaa meza yoyote ya gala bila kuomba radhi. Kwa safari, mimi hupendelea krepu na kitambaa kizito cha jezi, maana hutoka begini bila makunyanzi. Puleki nazo hazikunjamani, lakini zina uzito, hukwaruza ngozi ya ndani ya mkono wakati wa dansi, na zikigusana na gauni la jezi begini huvuta nyuzi zake. Zigeuze ndani nje kabla ya kuzipakia.

Kabla ya kitambaa kukatwa, kumbuka kwamba ukumbi huu unaelea. Katika safari yangu ya kwanza nilishona gauni la kijani kibichi la satini, nikalipima pindo nikiwa nimesimama juu ya viatu vya mchuchumio vya sentimita 9, sakafu yangu ikiwa imetulia kama ilivyo siku zote. Usiku wa gala bahari ilichafuka kidogo, si kwa kutisha, lakini kiasi cha kumfanya kila mtu atembee akiugusa ukuta. Nilivua mchuchumio nikavaa viatu bapa, pindo likaanza kuburuta, na kwenye ngazi ya tatu nikalikanyaga mwenyewe. Mshono uliachia karibu hadi gotini. Nilimaliza chakula cha usiku nikiwa na pini nne za usalama, na tangu siku hiyo gauni la baharini nalipima kwa kiatu kifupi kuliko vyote ambavyo mteja anaweza kulivalia, sentimita 3 juu ya sakafu, na kisigino kinene badala ya chembamba. Mkia wa gauni naukataa moja kwa moja. Jambo jingine ni ubaridi: kumbi za kulia hupozwa sana, na upepo wa sitahani hauheshimu gauni lisilo na mabega, kwa hiyo shali ya rangi ya gauni si pambo la ziada.

Jioni zenye mada, kama zile za vinyago au za nyeusi na nyeupe, zisikutishe. Mada huongezwa juu ya urasmi uleule, kwa hiyo kinyago kidogo au shali ya rangi inayotakiwa hutosha, na nimeona wengi wakiitimiza mada kwa kipande kimoja tu cha utepe.

Kuhusu idadi ya nguo, hesabu jioni zako kabla ya kuhesabu magauni. Usiku wa gala kwa kawaida huwekwa siku ambayo meli iko baharini mchana kutwa, kwa sababu abiria waliorudi kutoka matembezi ya bandarini saa 11 jioni hawana muda wa kujiandaa. Safari ya wiki moja huwa na jioni moja au mbili za aina hiyo, na taksido moja yenye mashati mawili, au gauni moja jeusi lenye shali mbili tofauti, huzitosheleza. Usitegemee kupiga pasi chumbani: kampuni nyingi hukataza pasi na hata vifaa vya mvuke kwa kuhofia moto, ingawa baadhi ya meli zina vyumba vya kufulia vyenye pasi ambavyo hujaa foleni alasiri ya siku ya gala. Tundika nguo siku unayopanda, na kama imekunjamana, ifungie bafuni pamoja na mvuke wa maji ya moto.

Usiku wa kwanza na wa mwisho, hata katika enzi za meli kubwa za mvuke, watu hawakuvaa rasmi, kwa sababu masanduku yalikuwa bado hayajafunguliwa au yalikuwa yamefungwa tayari. Desturi hiyo ingali hai, na usiku wa mwisho una mtego wake: mabegi huwekwa nje ya mlango ili yachukuliwe kabla ya alfajiri, na wengi hufungasha kila kitu kwa bidii. Acha nje suruali, shati na viatu vya asubuhi. Nimewahi kumwona bwana mmoja akishuka ngazi ya meli saa 1 asubuhi, jua likiwa limeshapanda, akiwa na suruali ya taksido yenye utepe wa hariri, fulana ya kulalia na malapa ya bafuni.