Saa sita mchana jua haliko utosini

Watu wengi wanaamini kwamba kwa kuwa tuko karibu na ikweta, saa sita kamili jua huwa juu ya kichwa mwaka mzima. Kwa Dar es Salaam hilo hutokea siku mbili tu kwa mwaka, takribani tarehe 3 Machi na 10 Oktoba. Siku nyingine zote jua la mchana limeinama, ama upande wa kaskazini ama wa kusini.

Na hiyo saa sita yenyewe si ya jua. Saa zetu zinafuata longitudo ya digrii 45 Mashariki, ilhali Dar iko 39.3. Kila digrii ni dakika 4, kwa hiyo jua hufika kilele, kwa wastani, saa 6:23. Huwahi hadi kama saa 6:06 mwanzoni mwa Novemba na kuchelewa hadi saa 6:37 katikati ya Februari, kwa sababu mhimili wa dunia umeinama na mwendo wake kulizunguka jua hauko sawa mwaka mzima.

Fimbo ya mita 1 inatosha kuthibitisha. Isimamishe kwenye sakafu iliyopimwa pima maji, uinyooshe kwa timazi. Ikiegemea digrii 1 tu, ncha ya kivuli inahama karibu sm 2. Wengi hukosea kwa kusubiri kivuli kifupi kuliko vyote: karibu na kilele urefu haubadiliki sana, unaweza kukosea dakika kadhaa. Chora duara kuzunguka fimbo kama saa nne asubuhi, likipita kwenye ncha ya kivuli. Mchana ncha itakapoligusa tena, weka alama ya pili. Katikati ya nyakati hizo mbili ndiyo kilele, na mstari kutoka kwenye fimbo unaopita katikati ya alama hizo ni kaskazini-kusini halisi. Dar, tarehe 21 Juni, kivuli cha kilele kina sm 58 na kinaelekea kusini. Tarehe 21 Desemba kina sm 30, kinaelekea kaskazini.

Fimbo hiyohiyo inakupa kibla. Tarehe 28 Mei saa 6:18 mchana na 16 Julai saa 6:27 (mwaka mrefu, siku moja kabla), jua huwa juu ya Kaaba. Makka inatumia saa sawa na zetu, hakuna hesabu ya kugeuza. Kutoka ncha ya kivuli kuelekea shina la fimbo ndiko kibla.

Watu pia husema, "Jua huchomoza mashariki." Mashariki kamili ni karibu na 20 Machi na 22 Septemba tu. Mwezi Juni huchomoza digrii 23 hivi kaskazini mwa mashariki: ngumi mbili na ushei, mkono ukiwa umenyooshwa.

Nyota ya asubuhi na nyota ya jioni ni kitu kimoja, sayari ya Zuhura. Haiachani na jua zaidi ya digrii 47, kwa hiyo kinachong'aa saa sita usiku si Zuhura. Mara nyingi ni sayari ya Mshtarii (Jupita). Na ile kanuni kwamba sayari haimetimeti inashindwa zikiwa chini karibu na upeo wa macho, ambako hewa ni nzito. Subiri zipande ngumi mbili au tatu.

Dhana inayoumiza ni kwamba wakati wa kupatwa kwa jua ni salama kulitazama kwa taswira yake ndani ya beseni la maji. Maji yanarudisha angalau asilimia 2 ya mwanga. Miwani salama ya kutazamia jua (kiwango cha ISO 12312-2) haipitishi zaidi ya asilimia 0.0032. Tofauti ni zaidi ya mara 600. Filamu ya eksirei na miwani ya kawaida ya jua pia hazifai, hata kama jua linaonekana hafifu, kwa kuwa miali isiyoonekana inapita na retina haina maumivu ya kukuonya. Toboa karatasi ngumu kwa pini, lipe jua mgongo, kinga mwanga kwenye karatasi nyeupe iliyo mita 1 nyuma ya kitobo. Utapata sura ya jua yenye upana wa mm 9, ikiwa imemegwa vilevile jua lilivyomegwa.